Kiboko Nje ya Hema

Usiku mmoja nililala peke yangu hemani kando ya Ziwa Naivasha, pikipiki nimeiegesha hatua mbili tu. Saa nane nikasikia nyasi zikinyofolewa, kisha pumzi nzito ikapuliza turubai karibu na sikio langu. Kiboko! Nikabana pumzi, nikatulia tuli mpaka akaondoka.

Mnyama huyu hushinda majini. Giza likiingia hutoka kulisha, na hula hata kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja. Nchi kavu hukimbia kama kilomita 30 kwa saa, humuwezi. Ole wako ukisimama kati yake na maji.

Ndugu msafiri, usipige hema kwenye vijia vilivyokanyagwa kuelekea ziwani. Waulize wenyeji kabla jua halijatua.