Vita ya Kagera Iliisha Lini?

Msikilizaji, hapa Kamunyonge, mkoani Mara, si mbali na Butiama kwa Mwalimu Nyerere, ukiuliza vita ya Kagera kati ya Tanzania na Uganda iliisha lini, wengi watakutajia Aprili 11, 1979, siku Kampala ilipotekwa. Lakini mapigano hayakukoma. Vijana wa JWTZ, jeshi letu la Tanzania, waliendelea kusonga kaskazini hadi Juni 3, walipofika mpaka wa Sudan, na hiyo ndiyo tarehe inayohesabika.

Mkataba wa amani? Haukuwapo. Rais Idi Amin wa Uganda alishakimbia, na serikali mpya ya Yusuf Lule ilikuwa rafiki yetu. Nani angetia saini na nani? Wala si ajabu vita kuwa na tarehe mbili za kuisha: hata Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1918, Ulaya ilinyamazisha bunduki Novemba 11, lakini huku Afrika kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, Novemba 25.

Kwa maoni yangu, majumbani vita ilichelewa zaidi kuisha. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Miezi ikapita, foleni za sukari na sabuni zikabaki. Kipande cha mche wa sabuni kikawa cha kugawana na jirani. Nao wanajeshi wetu wa mwisho hawakuondoka Uganda hadi mwaka 1981.