Mtoto naye ni msafiri

Shule zinakaribia kufungwa kwa likizo ya mwezi wa sita, na matangazo ya safari za Dubai yamekwisha kujaa kwenye simu zetu: siku nne, hoteli, chai ya asubuhi, na kupandishwa juu ya Burj Khalifa. Bei zinavutia. Zinavutia kwa sababu ambayo tangazo haliisemi. Mwezi huo joto la Dubai mchana hufika nyuzi 40 na kupita, na wakazi wengi wa huko wenyewe husafiri kulikimbia. Mtu mzima ataingia dukani kwenye kiyoyozi, atatoka, ataingia tena. Mtoto wa miaka miwili hawezi, wala hana sababu ya kuvumilia. Safari ilipangwa bila yeye kufikiriwa, kisha akabebwa.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo. Tukienda nje ya nchi na watoto wadogo, tunawahesabu pamoja na mabegi. Sheria haiwahesabu hivyo, ndege haiwahesabu hivyo, na mbu pia hawawahesabu hivyo.

Tuanze na karatasi. Zamani mtoto aliandikwa ndani ya paspoti ya mzazi na mambo yakaisha. Siku hizi hata kichanga cha mwezi mmoja kinahitaji paspoti yake, na nchi ikidai viza, ni viza yake. Kwa nchi za Schengen kule Ulaya, mtoto aliye chini ya miaka sita halipiwi ada ya viza, lakini fomu yake inajazwa kama ya baba yake. Tazama na tarehe ya kuisha, maana nchi nyingi zinataka paspoti iwe imebakiza angalau miezi sita.

Paspoti ya mtoto inaombwa kwa cheti cha kuzaliwa, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Kadi ya kliniki inasema Hadija, cheti cha RITA kinasema Khadija, na shuleni anaitwa kwa jina la babu. Nyumbani tunacheka. Uhamiaji hawacheki.

Kuna jambo jingine ambalo ofisa wa ugenini hawezi kulijua asipoelezwa. Kwetu mwanamke akiolewa mara nyingi hubaki na jina la baba yake, na mtoto hubeba jina la baba wa mtoto. Sasa mama na mwanawe wanasimama mbele ya dirisha, paspoti mbili, na hakuna jina hata moja linalolingana. Kwa sisi ni kawaida kabisa. Kwa ofisa aliyefundishwa kuwasaka watoto wanaosafirishwa kinyemela, ni swali. Afrika Kusini mwaka 2015 ilianza kudai cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili kwa kila mtoto anayeingia au kutoka. Wafanyabiashara wa utalii walipiga kelele, na mwaka 2019 masharti yakalegezwa. Lakini maswali hayakuisha, si huko tu.

Kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kisibaki kabatini. Kisafiri na mtoto, kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege. Na kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, aandike barua ya ridhaa, aiapie kwa wakili, aambatanishe nakala ya kitambulisho na namba ya simu atakayoipokea saa yoyote. Najua wapo akina baba wanaoiona barua hiyo kama dharau. Waione wapendavyo, lakini waiandike. Mkeo asikalishwe benchi la uwanja wa ndege usiku wa manane, mtoto analia, kwa sababu ya heshima yako.

Wanaokwenda kwa basi nao wasijidanganye kwamba Nairobi ni jirani tu. Pale mpakani Namanga maofisa wa nchi zote mbili wanakaa kwenye jengo moja, na huo ni unafuu mkubwa, lakini mtoto anashushwa kama wengine, amelala au yu macho. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na ukirudi Tanzania kadi ya njano inadaiwa kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja. Chanjo yenyewe hutolewa kuanzia miezi tisa, na cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Kuikimbilia usiku wa kuamkia safari hakusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho kinadumu maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka 10.

Tupande ndege sasa. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hupakatwa, na kwa safari za kimataifa mashirika mengi hutoza karibu asilimia 10 ya nauli ya mkubwa. Akitimiza miaka miwili mkiwa huko huko, anarudi kwenye kiti chake, na kiti kinalipiwa. Piga hesabu ya siku yake ya kuzaliwa kabla ya kukata tiketi. Na usikasirike mhudumu akikuhamisha usikae na dada yako mwenye kichanga: juu ya safu ya viti kwa kawaida kuna barakoa moja tu ya oksijeni ya ziada, kwa hiyo wapakatwa wawili hawakai safu moja upande mmoja.

Wengi hudhani mtoto hulia kwa sababu ndege inapaa. Kilio kikubwa huja wakati wa kushuka. Ndege inaposhuka, mgandamizo wa hewa unaongezeka haraka kuliko ule ulio nyuma ya ngoma ya sikio, na njia inayounganisha sikio na koo kwa mtoto ni nyembamba mno. Kumeza ndiko kunakoifungua. Kwa hiyo ziwa au chupa isiishe mapema. Ibaki ya kama nusu saa kabla ya kutua, ndege inapoanza kushuka. Kama amelala, mwamshe. Najua ni mtihani kumwamsha mtoto uliyemhangaikia saa nne alale, lakini masikio yatamwamsha kwa ukali zaidi. Mwenye mafua mazito au maumivu ya masikio aonwe na daktari kwanza.

Uji wake na maziwa yake usivitupe kwenye ukaguzi kwa kuogopa ile sheria ya mililita 100. Chakula cha mtoto mchanga huruhusiwa kupita kwa kiasi cha safari, ila kitoe mkobani na ukitaje mwenyewe kabla hujaulizwa. Beba na kanga mbili. Kigari cha mtoto ni kizuri, lakini kanga ni mbeleko, ni shuka, ni pazia la kunyonyeshea, na hakuna anayekuuliza uzito wake.

Dawa nazo zina mpaka. Dawa ya kikohozi yenye codeine, au tramadol ya mgongo wa bibi, ni dawa zinazodhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu. Kuingia nazo bila kibali ni kujitafutia kesi. Beba dawa kwenye boksi lake, na cheti cha daktari. Kwa mtoto, pakiti chache za ORS zina thamani kuliko nusu ya vitu vilivyomo begini: ichanganye na maji salama kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, usikisie kwa kikombe. Na ukikodi gari, dai kiti cha mtoto. Falme za Kiarabu zinakidai kisheria hadi miaka minne, Uingereza hadi miaka 12 au urefu wa sentimita 135. Kumpakata mbele, kama tunavyofanya kwenda Bagamoyo, huko ni kosa. Hata hapa ni hatari.

Ratiba? Jambo moja kwa siku, asubuhi. Mchana alale. Mengine ni picha za kuwaonyesha majirani.

Nimalizie na ninyi mnaotusikiliza kwa intaneti kutoka London, Toronto na Minneapolis, mnaojiandaa kuleta watoto wamwone bibi. Ninyi ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu mnajiona hamsafiri, mnarudi nyumbani. Mzazi aliyekulia Tanga anasema, malaria tumekua nayo. Wewe umekua nayo. Mwanao aliyezaliwa Leicester hajawahi kukutana nayo hata siku moja, na kinga uliyokuwa nayo wewe hukumrithisha, tena hata yako imepungua kwa miaka uliyokaa kwenye baridi. Kule Uingereza wengi wa wanaougua malaria ni watu waliokwenda kutembelea ndugu zao, si watalii wa kupanda Kilimanjaro.

Muoneni daktari wiki kadhaa kabla ya safari, mtoto apewe dawa ya kinga kwa uzito wake, na aendelee kuimeza baada ya kurudi mpaka siku alizoandikiwa ziishe. Alale ndani ya chandarua, hata kama binamu zake hawalali. Bibi akisema mnamdekeza, mpeni shikamoo yake na chandarua kibaki pale pale. Bodaboda za kwenda dukani pia zinaweza kusubiri akue.

Na mkisharudi, mtoto akipata homa, hata ikiwa imepita miezi miwili, msimpe panado mkasubiri kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na kabla daktari hajasema neno mwambieni: tumetoka Tanzania, tunaomba apimwe malaria.