Nikishuka Nangurukuru Wote Wataniona
Mhadhara wa umma kuhusu ushauri nasaha kwa wanafunzi wa vyuo



Basi la Dar es Salaam likifika hapa Nangurukuru, baada ya kilomita kama 300, husimama. Wa Masoko na Kivinje wanashuka, wa Liwale wanashuka, wa Lindi na Mtwara wanabaki wakinunua korosho dirishani. Aliyeshuka hajaweka begi begani, bodaboda watatu wameshamwita kwa jina la baba yake. Ndiyo raha ya njia panda yetu.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa wilaya hii (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike) aliingia ofisini kwangu chuoni kuomba barua ya kuahirisha mwaka. Sababu aliyoandika ni vidonda vya tumbo. Mikono yake haikutulia. Alikuwa anakunja tiketi ya basi, anaikunjua, anaikunja tena mpaka ikawa ndogo kama korosho. Nami, kwa haraka ya mtu mwenye foleni mlangoni, nikampa nasaha: wazazi wanakutegemea, wenzako wanapita humohumo, swali, kula kwa wakati. Dakika 10. Akasema, "Nimekuelewa, madam," akatoka.

Wiki tatu baadaye mwenzake wa geto akamleta kamshika mkono. Safari hii nilinyamaza. Yakatoka polepole: mchumba aliyekuwa naye tangu mwaka wa kwanza kampiga chini, bumu (fedha za mkopo) la muhula lote liliishia kwa huyo mchumba, ana sapu (mitihani ya kurudia) mbili na anaogopa kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli), mama keshauza ufuta wote kumlipia ada, usingizi haupati. Na ile tiketi? Mara mbili alikata, akafika Mbagala Rangi Tatu, akageuza. Nilipomuuliza kwa nini, akajibu: "Madam, nikishuka Nangurukuru wote wataniona."

Hali ile kitabuni inaitwa sonona: huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kwa wiki mbili au zaidi, usingizi na chakula vikivurugika, mtu akijiona hana thamani. Mara nyingi hufuatana na wasiwasi uliopita kiasi. Lakini katika miaka yangu yote ya kazi, hakuna mwanafunzi aliyeniambia ana sonona. Husema "nina mawazo", "moyo unaenda mbio", "presha", au tumbo. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na daktari Dixon Chibanda alilipokea kama lilivyo. Kuanzia 2006 aliweka mabenchi kwenye zahanati za Harare, wakaketi hapo akina bibi wa mtaani waliofundishwa kusikiliza. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye wagonjwa 573 kutoka zahanati 24, ulionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Zanzibar nao wamelichukua benchi hilo.

Sisi wa pwani bibi huyo tunamjua. Ni somo. Binti aliyechezwa unyago anaye mtu ambaye si mama yake, si mwalimu wake, si mwenyekiti wa kijiji. Na kwa kuwa mtu huyo hana adhabu ya kumpa, binti humfungulia yale asiyothubutu kumwambia mama. Siusifii unyago wote. Mengi yanayofundishwa humo ni kuvumilia, hata pasipovumilika. Ninachokitaka ni kile kiti cha somo, na wavulana nao wakipate. Wao tumewaachia neno moja tu, kwamba mwanaume halii.

Vyuoni tumefanya kinyume. Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ndiyo yenye malazi, ndiyo yenye mambo ya mikopo, ndiyo yenye nidhamu. Mtu aliyekusikiliza ukilia Jumatatu anaweza kukuandikia barua ya onyo Jumatano. Hata palipo na chumba cha pembeni, mlangoni pana kibao cha "Ushauri Nasaha", maneno ambayo wengi tuliyazoea kwenye vituo vya kupima Ukimwi. Mwanafunzi akionekana anagonga hapo, wenzake wanamaliza hesabu.

Na tukishamkalisha, tunakimbilia nasaha. Kushauriana ni kazi ya watu wawili. Lakini Kiswahili hichohicho kina "shauri yako", tunayomwambia mtu tukishamchoka. Zile dakika 10 zangu zilikuwa "shauri yako" iliyovishwa koti.

Wapo watakaosema kijana kaingiwa na jini mahaba. Sina ugomvi na kombe wala dua. Shehe wangu, nakuomba jambo moja: ukiona kijana hali, halali, anazungumzia kufa, msindikize hospitali siku hiyohiyo.

Yule wa tiketi alimwona daktari, akaahirisha mwaka. Aliyemfuata Dar ni mjomba wake. Walishuka hapa magharibi, watu wakiwa msikitini.

Nimalizie na sheria. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2021, watu zaidi ya 700,000 duniani walijiua, na kwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinasema anayejaribu kujiua ametenda kosa la jinai. Kijana aliyenusurika, ninayetaka anieleze usiku ule ulikuwaje, mbele ya sheria ni mtuhumiwa. Na mimi namwambia kwangu hapa hakuna fimbo. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, kinachofanana na hiki, kinakiuka Katiba. Waheshimiwa wabunge wa kusini, naomba chetu kifutwe.