Kumfundisha Kazi Mtu Aliyepoteza Kumbukumbu



Leo tunaongea juu ya watu ambao hatuwaoni kwenye mafunzo ya ushonaji. Ni wale waliopigwa kichwani wakati wa vita, walioanguka kwenye pikipiki, waliopooza ghafla upande mmoja, ama waliopona malaria ya ubongo. Uchunguzi uliofanywa Kampala na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba miaka miwili baada ya malaria hiyo, karibu mtoto mmoja kati ya wanne alibaki na shida ya kufikiri na kujifunza.

Tunawaita wakaidi, ama tunasema wamelogwa. Kisha anatafutwa mlozi, na majirani waliokimbia vita pamoja wanaanza kuogopana. Orodha ya mafunzo ikiandikwa, majina yao yanarukwa.

Lakini uwezo wa kujifunza haukwisha wote. Mwaka 1953, huko Marekani, Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili atibiwe kifafa. Tangu hapo hakuweza kushika mambo mapya. Mtaalamu Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota akiitazama ndani ya kioo tu. Kwa siku tatu mkono wake ulizidi kuwa hodari, ingawa kila siku aliiona ile kazi kuwa mpya kabisa.

Basi tumfundisheje? Sisi tumezoea kusema: "Jaribu kwanza, ukikosea nitakuonyesha." Kwa mtu huyu njia hiyo inaharibu. Hakumbuki kwamba alikosea, lakini mkono unalishika lile kosa na kesho unalirudia. Mwaka 1994 wataalamu wa Uingereza, Alan Baddeley na Barbara Wilson, walionyesha kwamba mtu wa namna hii hujifunza vizuri zaidi akizuiwa asikosee tangu mwanzo.

Tuseme ni kupitisha uzi kwenye cherehani. Gawanyeni kazi hiyo vipande vidogo. Pakeni rangi kila mahali uzi unapopita. Shikeni mkono wake, muupeleke. Akizoea, onyesheni kwa kidole tu. Baadaye msaada upungue tena. Mwacheni apumzike dakika moja, arudie. Halafu dakika mbili, halafu nne. Akisitasita, mwambieni papo hapo, asibahatishe, kisha rudini kwenye muda mfupi. Mwalimu awe mmoja, maneno yaleyale, cherehani ileile. Na msimwulize mbele ya watu, "Umesahau tena?" Hilo linamwaibisha bure.

Njia hii ni ya polepole, na ina mpaka. Alichojifunza kwenye cherehani moja hakihamii kirahisi kwenye nyingine. Kambi ikihamishwa, mtaanza karibu upya. Kupika sabuni hatushauri, maana soda kostiki inaunguza ngozi na macho. Kukata sabuni iliyokauka na kuipanga, hiyo anaweza. Na aliyeanza kusahau ghafla, akiwa na homa ama kichwa kinamuuma sana, apelekwe kituo cha afya kwanza.

Viongozi, tunaomba mrudie ile orodha ya mafunzo. Andikeni jina lake, na pembeni jina la mtu wa jamaa yake atakayekaa naye kila siku.

Sasa tusikilize maulizo yenu.