Kiboko Aliyekwama Baharini



Nilipokuwa likizoni Malindi niliingia katika chumba kimoja kidogo chenye maonyesho ya picha za kiboko aliyekwama baharini mwaka 2004. Chumba hakikutosha watu kumi, na joto lilikuwa kali. Walakini nilikaa humo karibu saa nzima.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Desemba mwaka ule Mto Sabaki ulifurika, ukawachukua viboko kadha wa kadha hata baharini. Tarehe 26 tetemeko la ardhi karibu na Sumatra likaleta mawimbi makubwa mpaka pwani yetu. Kesho yake alionekana mtoto mmoja tu wa kiboko, wa umri upatao mwaka mmoja, juu ya mwamba wa matumbawe, yu peke yake. Maji ya chumvi hayamfai kunywa, na chakula chake ni majani ya nchi kavu.

Wavuvi na wageni wakakusanyika kumwokoa. Nyavu za samaki zilikatika. Zikaletwa nyavu za papa. Mnyama yule, mwenye uzito wa zaidi ya kilo 250, aliponyoka mara kwa mara, hata mtu mmoja alipomrukia akamshika. Ndiyo sababu kiboko akapewa jina la mtu huyo, Owen.

Alipelekwa Bamburi, katika bustani ya Haller, mahali palipokuwa zamani machimbo ya mawe ya saruji. Humo alimkuta kobe mkubwa wa asili ya Aldabra, akikisiwa kuwa na miaka 130, aitwaye Mzee. (Vitabu vya Kiingereza vimeliacha jina hilo kama lilivyo, sisi wafasiri tulifurahi kupunguziwa kazi.) Kiboko akakimbilia nyuma ya kobe kama mtoto kwa mamaye. Kobe alichukizwa, akajiondokea. Walakini baada ya siku chache walikuwa wakila pamoja na kulala pamoja. Hatimaye Owen alikua mno, watunzaji wakahofia asimwumize rafikiye, wakampa mwenzi wa jinsi yake, kiboko jike aitwaye Cleo.

Sasa nawaungamia jambo. Mimi nimezaliwa kando ya mto, na mara mbili viboko walimaliza mahindi ya mama yangu kwa usiku mmoja. Basi nilizitazama picha zile kwa moyo wa namna mbili. Karibu nami alisimama mama mmoja mkulima wa Sabaki, akamwuliza kijana mwangalizi:

"Mwanangu, shamba langu likiliwa, nani ataniletea wavu?"

"Mama, siku ile alikuwa mtoto."

"Watoto hukua."

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akamweleza kwamba sheria ya wanyama wa pori ya mwaka 2013 yampa mkulima haki ya kudai fidia ya mazao yaliyoharibiwa na wanyama. Apeleke habari upesi katika ofisi ya wanyama wa pori, nayo kamati ya kaunti hulichungua dai lake. Malipo, alikiri, huweza kukawia sana.

Mama akataka aandikiwe mahali pa kwenda. Akaifunga karatasi katika pindo la kanga, kisha akarudi kwenye picha ya kiboko aliyelaza kichwa juu ya kobe, akaitazama kwa muda mrefu.

"Na huyu kobe," akauliza, "alikula nini?"