Mazungumzo Juu ya Uhifadhi wa Baruti na Vifaa vya Kujazia Risasi Majumbani

Kwa Watumishi wa Serikali na Wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama



Zipo nyumba mkoani Mara ambamo gobore la babu lingali limeegemezwa pembeni mwa chumba, na pamoja nalo pembe ya baruti, kikopo cha fataki na kifuko cha marisau. Wapo pia wamiliki wa bunduki za kisasa ambao huokota maganda yaliyokwisha kupigwa kwa nia ya kuyajaza upya. Mazungumzo haya yanawahusu wote hao, pamoja na jamaa wanaolala nao chini ya paa moja.

Jambo la kwanza kufahamika ni kwamba leseni ya bunduki si leseni ya baruti. Umiliki wa silaha na risasi husimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Baruti nayo ina sheria yake ya mwaka 1963, inayogusa utengenezaji, ununuzi, uhifadhi na usafirishaji wake. Kutengeneza risasi bila ya kibali ni kosa, hata kama mtengenezaji anayo bunduki halali. Aidha, leseni ni ya mtu aliyepewa; haihamii kwa mrithi pamoja na ng'ombe na shamba.

Jambo la pili ni tabia ya baruti yenyewe. Baruti haihitaji hewa ya nje ili iwake, kwa hiyo kuifunika hakuizimi. Ikifungiwa ndani ya kopo la chuma lililobanwa, moto ukaifikia, kopo hilo hupasuka na vipande vyake hujeruhi au kuua. Baruti iliyolowa huonekana kuwa imekufa, lakini ikikauka huweza kuwaka tena. Ndiyo maana kuianika karibu na jiko ni hatari kubwa. Fataki hazihitaji hata moto: pigo la jiwe mkononi mwa mtoto latosha. Na kuyeyusha risasi ya betri katika sufuria ya nyumbani, iwe kwa marisau au kwa vyuma vya nyavu, huacha sumu inayodhuru akili za watoto.

Mmiliki halali anatakiwa kununua risasi zilizo tayari kwa muuzaji mwenye kibali, kwa idadi aliyoruhusiwa. Bunduki ihifadhiwe ikiwa haina risasi, ndani ya kabati imara lenye kufuli. Risasi ziwekwe mahali pengine penye kufuli, pakavu, mbali na jiko na koroboi. Ufunguo ukae na mwenye leseni peke yake. Mchimbaji wa dhahabu, kama wale wa Buhemba, mwenye kibali cha baruti ya kupasulia miamba, anatakiwa kuihifadhi katika ghala lililokubaliwa na wakaguzi wa Tume ya Madini, kamwe si chini ya kitanda. Kuhusu wavuvi wa ziwani, matumizi ya baruti katika uvuvi yamepigwa marufuku na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003.

Lililo zito zaidi ni lile linalotokea baada ya msiba. Mzee akifariki, watoto hupanga vyombo vyake na kukuta kibuyu darini. Wengine hukimwaga motoni, wengine hukitumbukiza chooni, wengine hukipakia katika basi hadi mjini. Yote hayo ni hatari. Kinachotakiwa ni kukiacha kilipo, kuzima moto wote wa karibu, kuwaondoa watoto, kisha kumpa taarifa Mtendaji wa Kijiji au kituo cha polisi ili wenye ujuzi waje kukichukua. Bunduki ya marehemu nayo itolewe taarifa polisi bila ya kuchelewa.

Hofu ya kukamatwa huwafanya wengi wanyamaze. Serikali imekwisha kutoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, kama ilivyokuwa mwaka 2022. Hata nje ya vipindi hivyo, anayejitokeza mwenyewe yu katika hali njema kuliko anayekutwa, na nyumba yake hubaki imesimama.

Viongozi wa vitongoji na mitaa wanaombwa kuyafikisha maelezo haya katika mikutano yao. Tahadhari kabla ya hatari.