TUMPIME MFANYAKAZI NAMNA GANI?



Wewe unayeongoza wauguzi, mgonjwa akija humuulizi tu, "Uko na homa?" Unatia kipimo, unasoma namba, unaandika. Lakini muuguzi wako unamuuliza namna gani? "Habari ya kazi, mama?" Anajibu, "Nzuri." Basi, imekwisha.

Nilipokuwa mkubwa wa wauguzi katika hospitali moja, mama mmoja alichelewa mara nyingi. Usiku mmoja akasahau sindano ya mtoto. Daktari aliona mapema, mtoto akapona. Nikamuuliza yule mama mbele ya wenzake, "Una taabu?" Akasema, "Hapana, mama." Nikaandika katika fishi yake: mvivu. Baadaye nilipata habari kwamba alikuwa amefanya kazi ya usiku majuma matatu, na mchana alikuwa akimlinda mama yake mzazi, mgonjwa. Kwetu mtu hatoi taabu yake mbele ya mkubwa na mbele ya watu. Ni kipimo changu kilichokuwa kibaya.

Wenye elimu wametengeneza vipimo. Mwaka 1981 Christina Maslach na Susan Jackson, wa Marekani, walitoa maulizo juu ya uchovu wa kazi: je, roho imekwisha nguvu? Umeanza kutendea watu kama vitu? Unaona kazi yako haina faida? Na kuna maulizo matano ya OMS, ya mwaka 1998, juu ya majuma mawili yaliyopita: furaha, utulivu, nguvu, usingizi unaopumzisha, na mambo ya kupendeza katika maisha ya kila siku. Kila jibu lina namba, tangu 0 mpaka 5. Jumla ikiwa chini ya 13, angalia mtu huyu vizuri.

Lakini angalia! Neno likivuka lugha linaweza kugeuka. Waingereza husema mtu aliyemalizwa na kazi "ameungua". Ukileta neno hilo hivi hivi katika Kiswahili, muuguzi atatafuta kidonda cha moto! Na "nguvu" je? Mmoja atafikiri mikono ya kubeba mgonjwa, mwingine atafikiri roho.

Basi, fanya hivi:

1. Mtu mmoja atafsiri maulizo. Mwingine, asiyeona karatasi ya kwanza, ayarudishe katika lugha ya mwanzo. Linganisheni. Richard Brislin aliandika juu ya njia hii mwaka 1970.

2. Waulize wauguzi wachache: "Umesikia ulizo hili namna gani?" Wakisikia mbalimbali, badilisha maneno.

3. Karatasi isiwe na jina, na mkubwa asisimame pale. Mtu akiogopa fishi yake, ataandika "vizuri" kila mahali.

4. Kazi uipime mbali, kwa matendo: dawa zimetolewa saa yake? Mikono imenawishwa? Usichanganye mambo haya mawili. Mtu anaweza kuchoka sana na bado kufanya kazi vizuri, mpaka siku anapoanguka.

5. Usilinganishe hospitali yako na ya nchi nyingine kwa namba tu. Pengine kwao watu hulalamika wazi, na kwetu tunanyamaza.

Na ukiisha kupima, usifunge karatasi katika kabati. Angalia orodha ya zamu: nani amekaa usiku kupita wengine? Anzia hapo, juma hili.